UZI MAALUMU: Nainokanoka hadi Ziwa Natron kwa miguu – maji, kutafuta njia na begi la mgongoni

Mtembea_Nyika (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Kiangazi kikikaribia maswali huwa yaleyale: begi la lita ngapi, hema la aina gani, viatu vya wapi. Ni maswali ya haki, ila yanakuja mapema mno. Mtu anamaliza akiba yake kwenye vifaa, halafu anafika Nainokanoka hajui maji ya kesho yatatoka wapi wala jua litamkuta sehemu gani. Mimi napanga kwa utaratibu mwingine: kwanza maji, pili saa za mwanga, tatu njia, na begi linakuja mwisho kabisa, kwa sababu hayo matatu ndiyo yanayokuambia ubebe nini.

Nachukua safari moja niielezee kwa kina: kutoka kijiji cha Nainokanoka, chini ya mlima Olmoti, kupita Bulati, ukingo wa kreta ya Empakaai, Naiyobi, kisha kushuka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Engare Sero kando ya Ziwa Natron. Wengi huigawa siku nne. Naipenda kuliko njia nyingine zote za kaskazini, na nadhani hakuna inayompima mpangaji vizuri kama hii, kwa kuwa ina baridi kali na joto kali ndani ya safari moja. Ukingo wa Empakaai uko juu kuzunguka mita 3,000. Engare Sero iko kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari. Joto hupungua karibu digrii 6 kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo ndani ya siku mbili unatoka kwenye ukungu wa koti zito unaingia kwenye jua linalopasua midomo.

Jambo la kwanza kabisa, kabla ya mengine yote: sehemu kubwa ya njia iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Huendi peke yako. Unalipia kibali na unatembea na askari wa uhifadhi mwenye silaha. Nyati na tembo wamo kwenye misitu ile, hasa kuzunguka Empakaai. Naomba uzi huu usigeuke mjadala wa namna ya kukwepa hilo.

MAJI. Lita moja ni kilo moja, hakuna ujanja. Nyanda za juu napiga hesabu ya lita nne kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Siku ya kushuka kwenda Natron nabeba lita sita, na nazibeba zote tangu asubuhi nikichukulia kwamba njiani hakuna tone. Ziwa la ndani ya Empakaai ni la magadi, na Natron yenyewe ndiyo usiiwazie kabisa. Vijito vya nyanda za juu vipo, lakini cha Juni si cha Oktoba. Kwenye kila kituo cha ramani yangu naandika mambo mawili: maji ya uhakika, au maji ya kuulizia. Penye "kuulizia" nabeba kana kwamba hayapo.

Maji hayo mnakunywa pamoja na ng'ombe. Chujio la nyuzi linazuia bakteria na vijidudu vikubwa, ila virusi vinapita. Klorini inaua bakteria na virusi, ila kuna kijidudu cha kinyesi cha ng'ombe, cryptosporidium, ambacho klorini haikiwezi. Kwa hiyo chuja kwanza, kisha tia dawa. Kama maji ni ya tope, yapitishe kwenye kipande cha kanga kabla hayajagusa chujio, la sivyo litaziba siku ya kwanza. Na usiku wa ukingoni lala na chujio ndani ya mfuko wa kulalia, maana likiganda barafu nyuzi zinapasuka na huwezi kuona kwa macho kwamba limekufa.

MWANGA. Huku kwetu jua halichelewi kuzama. Saa kumi na mbili na nusu jioni ndiyo hiyo, na dakika ishirini baadaye ni giza. Natumia kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeiandika mwaka 1892: kilomita 5 kwa saa, na uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mimi mwenye mzigo naweka kilomita 4. Kwa mfano kilomita 14 zenye mita 600 za kupanda: saa tatu na nusu za kutembea, saa moja ya kupanda, ongeza saa moja na nusu ya kupumzika, kula na kupotea kidogo. Jumla saa sita. Ukiondoka saa moja asubuhi unafika saa saba mchana, bado una mwanga wa kutosha kama kuna tatizo. Siku ambayo hesabu inafika saa tisa za mwendo, mimi naikata iwe siku mbili. Na kumbuka umbali unaopima kwenye simu kwa mstari ulionyooka si umbali wa miguu. Mimi naongeza theluthi.

NJIA. Hapa ndipo penye kazi. Kati ya Olmoti na Empakaai kuna bonde kubwa la nyasi, na bonde lile limejaa njia za ng'ombe. Zinaonekana safi, zimenyooka, zinakuvuta. Lakini ng'ombe anakwenda majini au bomani, haendi Empakaai. Kila njia inagawanyika, na kila tawi linaonekana kuwa ndilo kubwa. Ukungu ukishuka asubuhi huoni mlima wowote wa kukuongoza. Kwa hiyo siku iliyotangulia napanga mambo haya kwa kila kipande:

- mwelekeo wa jumla kwa dira, umeandikwa kwenye karatasi
- kitu kirefu cha kufuata, mfano mgongo wa kilima au korongo liwe kushoto kwangu
- kitu cha kunisimamisha, yaani nikikiona najua nimepitiliza: barabara ya gari, msitu kuanza, mteremko kugeuka upande

Askari na wenye punda wanajua njia kuliko ramani yoyote, na mimi nawafuata wao. Lakini mtu anayetembea bila kujua alipo ni mzigo kwa wenzake, na siku kundi likigawanyika atakuwa hana msaada.

BEGI. Wengi hukodi punda kwa wafugaji. Ni uamuzi mzuri na fedha inabaki kijijini. Ila shika hili: punda na wewe mtaachana. Wanachelewa kufungwa mizigo, wana njia zao kwenye miteremko, na wakiingia kwenye ukungu huwaoni tena hadi kambini. Vitu vya kuokoa maisha havipandi punda. Mgongoni mwako kuwe na maji ya siku nzima, koti la baridi, koti la mvua, taa ya kichwani, chakula cha mchana na ziada ya mlo mmoja, dawa zako, ramani na dira, simu na chaji, filimbi. Begi la lita 30 hadi 35 linatosha. Vilivyobaki viweke kwenye mifuko laini isiyo na fremu, miwili yenye uzito sawa, maana punda anabeba pande mbili.

Nawasilisha. Wenye uzoefu ongezeni, wenye maswali ulizeni.

---

Bi_Usambara

Asante sana kaka kwa uzi huu. Nakazia hapo kwenye kuuliza wenyeji, kwa sababu kuna namna ya kuuliza. Usimwonyeshe mtu njia kwa kidole ukamuuliza "hii inaenda Bulati?" Atakujibu ndiyo kwa ukarimu wake, na kweli kila njia hufika Bulati mwisho wa siku. Muulize "Wewe ukienda Bulati unapita wapi?" halafu nyamaza. Mwache akuonyeshe kwa mkono. Kisha uliza "kuna maji wapi leo?" Neno leo ni la muhimu, sio kuna maji kwa ujumla. Na usiulize ni mbali kiasi gani, uliza akiondoka jua likiwa pale atafika jua likiwa wapi. Mchungaji hana sababu ya kuhesabu kilomita, lakini jua analijua.

Halafu salimieni kwanza jamani. Mnatokea kwenye ukungu na mafimbo na miwani, mnamrushia mama wa watu maswali hata hujambo hakuna.

---

Mwana_Toronto

Wakuu habari zenu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, naishi Toronto miaka mingi sasa, narudi nyumbani Julai na nataka sana kufanya safari hii na mdogo wangu. Nina vifaa vyangu vyote vya huku: dira, jiko la gesi, godoro la kupuliza, mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata. Je, vyote vitafaa huko? Na ramani naipata wapi, natumia programu ya ramani ya OsmAnd kwenye simu.

---

Mtembea_Nyika

@Mwana_Toronto karibu nyumbani. Nikijibu moja moja:

Jiko lako njoo nalo, ila mitungi ya gesi huruhusiwi kupanda nayo ndege, na ile ya kufunga kwa kuzungusha kama skrubu haipatikani kila duka. Kama hujapata mtu wa Arusha au Moshi wa kukuhakikishia anayo, panga kutumia jiko la mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanapatikana hadi vijijini. Kuni usizitegemee, mle ni hifadhi.

Godoro la kupuliza liache Toronto. Ukishuka Naiyobi kwenda chini unaingia kwenye migunga na miiba yake ni ya kidole kizima. Nunua godoro la sponji la kukunja, ni jepesi na likichomwa miiba mia bado ni godoro.

Mfuko wa manyoya uje nao, juu kule utaushukuru. Ufunge usiingie unyevu, ukungu wa Empakaai unalowesha kama mvua.

Dira namwachia mzee wetu Mpimaji akipita hapa.

---

Mpimaji_Mstaafu

Nimepita vijana. Nimefanya kazi ya upimaji maisha yangu yote na jambo hili la ramani na simu linaniuma kwa sababu watu wanalipuuza.

Kwanza dira ya Toronto. Mambo mawili. Sindano ya dira inayouzwa kule imesawazishwa kwa usumaku wa kaskazini, ambako ncha ya kaskazini huvutwa chini, kwa hiyo kiwandani huongezwa uzito upande wa pili. Ukiileta karibu na ikweta mvuto ule haupo, uzito unabaki, na upande wa kusini wa sindano unazama mpaka unakwaruza. Inazunguka kwa shida au inasimama pasipo pake. Tafuta dira iliyotengenezwa kwa dunia nzima, huandikwa hivyo kwenye boksi, au nunua iliyosawazishwa kwa ukanda wetu. La pili ni kubwa zaidi. Toronto dira inatofautiana na kaskazini ya kweli kwa karibu digrii 10 kuelekea magharibi, na dira nzuri huwa na skrubu ya kurekebisha hilo. Kama umeirekebisha, ukifika hapa irudishe sifuri, maana kwetu tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kutomsumbua mtembea kwa miguu. Digrii 10 kwa mwendo wa kilomita 5 zinakutoa kwenye mstari karibu mita 900. Kwenye ukungu hiyo ni bonde jingine kabisa.

Sasa ramani. Ramani za 1:50,000 za mfululizo wa Y742 zinapatikana Idara ya Upimaji na Ramani. Ni za zamani, barabara na vijiji vimebadilika, lakini milima haijahama na kontua zake, yaani mistari ya kimo, ni nzuri. Zimechorwa kwa datumu ya Arc 1960; datumu ndiyo msingi ambao namba zote za mahali hupimwa kutoka kwake. Simu yako inatumia WGS84. Ukisoma namba kwenye simu ukazitia moja kwa moja kwenye gridi ya ramani hiyo, nukta itaangukia takriban mita 300 kusini ya mahali ulipo, na kusogea kidogo mashariki. Kwenye karatasi ni milimita sita. Kwenye ukingo wa kreta ni tofauti ya kuwa juu ya ukingo au kuwa hewani ndani ya shimo. Programu nyingi nzuri zina sehemu ya kuchagua datumu. Chagua Arc 1960, kisha jaribu kwenye mahali unapopajua, kwa mfano makutano ya barabara yaliyoko kwenye ramani, kabla hujaanza kuamini. Na usome pembezoni mwa karatasi kila mara: datumu imeandikwa, na kama urefu uko kwa futi au mita imeandikwa.

Jingine. Kanda za UTM, mfumo wa gridi unaoigawa dunia vipande vya kusini-kaskazini, zinagawanyika kwenye longitudo 36 mashariki. Arusha mjini uko kanda ya 37. Ngorongoro, Empakaai na volkano ya Oldoinyo Lengai ziko kanda ya 36, na mpaka wa kanda unapita mashariki kidogo tu ya Lengai, ukikata Ziwa Natron. Ukipokea namba kutoka kwa mtu, ulizia kanda. Namba bila kanda na bila datumu hazina maana, zikatae.

---

Jamaa_wa_Nakuru

Shikamoo mzee Mpimaji, hiyo ya kanda 36 na 37 imenifungua macho. Sisi wa upande wa Kenya ramani zetu za zamani pia ni Arc 1960, na nilikuwa nashangaa kwa nini alama zangu za mlima Longonot zinakaa nje ya njia.

Naongeza moja kwa Wakenya wenzangu mnaovuka Namanga. Tumezoea kuambiwa na watu wa nje tuweke gunia la plastiki ndani ya begi kuzuia mvua. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku kwetu tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Usifike mpakani nayo. Nunueni mifuko ya kuzuia maji ya kufunga kwa kukunja mdomo, mmoja mkubwa wa ndani ya begi na mdogo wa mfuko wa kulalia. Ni ghali kiasi lakini unadumu miaka.

Swali kwa mwenye uzi: chakula mnabeba kilo ngapi? Na mnapika nini kule juu ambako maji yanachelewa kuivisha vitu?

---

Mtembea_Nyika

@Jamaa_wa_Nakuru gramu 800 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku, na nahakikisha mafuta yamo, kwa kuwa gramu ya mafuta ina nguvu mara mbili na zaidi ya gramu ya unga. Kwa hiyo karanga, siagi ya karanga, kashata, tende, dagaa wakavu waliokaangwa kabisa nyumbani (nyinyi mnawaita omena). Asubuhi uji wa lishe na maziwa ya unga. Chapati zinakaa siku mbili vizuri. Jioni tambi au ugali, sio maharage! Maharage makavu kwenye mita 3,000 yatakumalizia mafuta yote ya taa na bado yatabaki magumu. Kama huwezi kuishi bila maharage, yachemshe nyumbani, yakaushe juani, yatalainika kwa dakika kumi.

Pakiti za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, zisikose, hasa siku ya kushuka.

---

Nesi_wa_Kijiji

Niongeze kwenye maji na afya, maana ndiyo kazi yangu.

Vidonge vya klorini vya madukani, soma pakiti. Vingi vimetengenezwa kwa ndoo ya lita 20. Mtu anatia kidonge kizima kwenye chupa ya lita moja anakunywa. Hapana. Tafuteni vya lita moja, au kikundi kitibu maji kwa dumu la lita 20 jioni mkifika kambini, mkasubiri nusu saa, mkagawana.

Maji ya ukanda ule wa volkano mengi yana floridi nyingi. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa vile maji yanapungua na floridi inabaki. Chujio la nyuzi haliigusi. Kwa safari ya siku chache mtu mzima hatadhurika, ila wazazi mnaotaka kukaa wiki nyingi huko na watoto wadogo mbebe maji ya chupa au ya mvua.

Kushuka mita zaidi ya 2,000 ndani ya muda mfupi kunaumiza magoti na kucha za vidole vya miguu. Kata kucha siku mbili kabla, funga kamba za kiatu juu kabisa ili mguu usiteleze mbele, na uchukue magongo mawili. Ukihisi sehemu ya mguu inapata moto, simama pale pale ubandike plasta. Usisubiri kundi lifike kivulini.

Na joto. Mtu akianza kujibu maswali ovyo ovyo au ameacha kutoka jasho, hiyo ni dharura: kivuli, mmwagie maji, mpepee. Hapo ndipo zile lita sita zinapokuwa na maana.

---

Fundi_Mabegi

Nipo Moshi, natengeneza mabegi, mahema na viatu vya watu wa mlimani. Vijana wengi hununua vifaa vya mtumba soko la Memorial na wanafanya vyema, fedha inabaki na vifaa ni vya kampuni kubwa. Lakini angalieni haya.

VIATU. Hii naisema kwa uchungu kwa sababu naletewa kila wiki. Kiatu kizuri cha ngozi, juu kinang'aa, soli ya kati ni ya poliyurethani. Soli ile huzeeka kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa, kimelala tu stoo huko Ulaya miaka kumi. Siku ya pili ya safari inabomoka kama mkate mkavu na soli ya chini inabaki njiani. Kabla hujanunua, bonyeza soli ya kati kwa ukucha kwa nguvu, kunja kiatu mara kadhaa ukitazama pembeni. Ukiona nyufa ndogondogo, au ukucha unaingia na kuacha shimo, kirudishe. Ukishanunua, kivae mjini wiki mbili na begi zito mgongoni.

HEMA. Nusa ndani. Harufu ya siki au matapishi, na kitambaa kinanata, maana yake utando wa kuzuia maji umeoza. Hakuna dawa ya kudumu. Angalia pia kama nguzo zote zipo, watu huuziwa hema lenye nguzo za hema jingine.

MFUKO WA KULALIA wa manyoya: ukunjue, uache dakika kumi, uone kama unavimba. Uinue mbele ya jua, ukiona vyumba vitupu baridi itaingia hapo.

ZIPU. Majivu ya Lengai ni mabaya kwa zipu kuliko mchanga. Kabebe mswaki wa zamani, upige zipu za hema kila asubuhi. Usivute kwa nguvu.

---

Kambi_Moja

Wakuu mnatutisha! Mimi nimeenda na simu tu na njia niliyopakua, nikafika. Ramani za karatasi ni mambo ya zamani, GPS ya simu inasoma hadi mita tano.

---

Mtembea_Nyika

@Kambi_Moja nafurahi ulifika salama, na simu nami naitumia kila siku ya safari. Usahihi wa nukta sibishani nao. Ninachobishania ni kwamba ile njia uliyopakua ni nyayo za mtu mmoja, wa msimu mmoja. Haikuambii alipita pale kwa sababu pazuri au kwa sababu korongo lilikuwa limejaa. Na kwenye OpenStreetMap njia nyingi za kule hazijachorwa kabisa, nyingine zimechorwa kutoka picha za satelaiti na ni njia za ng'ombe zile nilizozisema. Karatasi inakuonyesha bonde zima kwa mara moja. Kioo cha simu kinakuonyesha mita mia tatu ukiwa umeinama.

Anayetegemea simu aitunze hivi. Pakua ramani ya mkoa mzima ukiwa na mtandao na uifungue ukiwa umezima data kuhakikisha ipo. Weka hali ya ndege, GPS inaendelea kufanya kazi bila laini. Bila mtandao simu inachelewa kupata satelaiti mara ya kwanza, kwa hiyo isimamishe mahali peupe, itulie dakika kadhaa, usiifungie msituni ukadhani imeharibika. Usirekodi njia mfululizo kama huna chaji ya kutosha. Washa, soma, andika, zima. Pawabenki ya 10,000 mAh inamtosha mtu mmoja siku nne kwa matumizi hayo. Usiku wa baridi simu na pawabenki zinalala nawe ndani.

Na acha ratiba kwa mtu aliyeko mjini: utalala wapi kila siku, uko na nani, na saa ngapi ya siku gani aanze kupiga simu ofisi ya hifadhi kama hajakusikia. Mtandao unakuja na kwenda, "nitakupigia nikifika" haitoshi.

---

Bi_Usambara

Kwa wanaoanza, msiruke moja kwa moja kwenda Natron. Lushoto hadi Mtae kupitia msitu wa Magamba na Rangwi ni shule nzuri kabisa. Vijiji vipo njia nzima, hakuna nyati, baridi ya usiku ipo ya kutosha kujaribu mfuko wako, na ukikosea njia utakosea mpaka kwenye shamba la mtu atakayekurudisha. Msituni lipieni kibali. Zimeni simu mfanye kipande kimoja kwa dira na karatasi, halafu washeni kuangalia mmekosea kiasi gani.

---

Mwana_Toronto

Asanteni sana wote, mmeniokolea fedha na dira nimeshaiweka pembeni. Shikamoo mzee Mpimaji. Swali la mwisho: siku ya kushuka kutoka Naiyobi tuondoke saa ngapi? Na tukifika Engare Sero tuunganishe na kupanda Lengai usiku huohuo?

---

Mtembea_Nyika

@Mwana_Toronto fungeni hema kwa taa, muwe njiani saa kumi na mbili asubuhi kukipambazuka. Lengo ni kwamba saa tano muwe mmemaliza mteremko mkubwa, kwa kuwa baada ya hapo hewa ya chini inachemka na kivuli ni cha migunga tu. Saa tano hadi saa tisa kaeni kivulini hata kama mnajiona mna nguvu, kisha mmalizie jioni. Kofia pana, mikono mirefu, na kitambaa cha kufunika pua; majivu ya milipuko ya 2007 na 2008 bado yapo na upepo ukivuma yanaruka.

Lengai usiku huohuo, hapana. Kilele kiko mita 2,962 kutoka usawa wa bahari na mteremko wake ni mkali, watu huanza kupanda usiku wa manane ili wakwepe jua, na miguu yako itakuwa imetoka kushuka mchana kutwa. Lala Engare Sero siku nzima, mnywe maji, mwende kwenye maporomoko ya mto, mwone zile nyayo za binadamu wa kale zaidi ya 400 zilizogandishwa kwenye majivu. Usiku unaofuata ndiyo mpande, na mwongozaji wa pale kijijini.

Ukipata tarehe kamili niandikie hapa hapa kwenye uzi, nitakuulizia hali ya maji ya Bulati wiki ileile.